Watatu Garini, Wawili Darajani

Baada ya ghala kumwachisha kazi, Wilfredo Menjívar alipata kibarua cha kukaa juu ya daraja na kuhesabu vichwa vya watu. Mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima wa El Monte ulimwita Niña Chayo kwa heshima ya mvi zake, alipoisikia kazi hiyo alicheka mpaka akashika meza. Akasema kwao El Salvador mtu akikaa barabarani kuhesabu magari wanamwombea apone, na hapa wanampa mshahara na fulana ya njano. Wilfredo naye alicheka. Alikuwa amekaa nyumbani muda wa kutosha kujua kwamba mkate wa kuchekwa unashibisha kama mkate mwingine wowote.

Magari yenyewe yalikuwa ya njia ya kulipia, zile safu mbili za kushoto katika barabara kuu iendayo katikati ya Los Angeles. Asubuhi, gari lenye watu watatu lilipita bure. Aliyekuwa na wachache alilipa, na bei ilipanda kadiri foleni ilivyopanda. Kila gari lilibandikwa kisanduku kwenye kioo cha mbele, na dereva mwenyewe ndiye aliyesogeza swichi yake kwenye moja, mbili au tatu, kisha taa iliyoning'inia juu ya barabara ikawaka namba hiyo hiyo watu wote waione. Sasa ukimwachia binadamu aseme mwenyewe anadaiwa au hadaiwi, unajua atakachosema. Watu wazima waliokuwa peke yao garini walisogeza swichi kwenye tatu bila kupepesa macho. Njia ya haraka ikajaa mpaka ikawa haina haraka tena, na waliolipa wakanung'unika. Ndipo ofisi ya barabara ikaagiza ipimwe: njia inafanya kazi yake au haifanyi, na waongo ni wangapi? Ikasema wazi kwamba wakionekana ni wengi mno, msamaha wa asubuhi utafutwa na kila gari litalipa, liwe na mtu mmoja au liwe limejaa ukoo mzima.

Na nyumba ya Wilfredo ilikuwa inaishi kwa msamaha huo. Kila asubuhi mkewe Noemí aliendesha gari kwenda mjini, kwenye hoteli alikofua na kupiga pasi mashuka. Pembeni yake alikaa mama yake, Niña Chayo, aliyeshona katika kiwanda cha nguo mtaa wa pili kutoka hapo. Nyuma alikaa Abigaíl, mtoto wa miezi minane, ambaye mama mmoja wa kanisani kwao alimlea karibu na hoteli kwa malipo ya huruma. Hao ni watatu, na sheria ilisema mtoto naye ni mtu. Bila njia ile wangeingia kwenye foleni ya kawaida, na foleni ya kawaida haina adabu, haimwambii mtu itamwachia saa ngapi. Noemí alikuwa ameshachelewa mara kadhaa wakati gari lilipokuwa bovu. Msimamizi wa ufuaji alikuwa amemwita pembeni, mbele ya wenzake wote, akamwambia akichelewa tena asihangaike kuvaa aproni. Kulipia njia hiyo asubuhi hakukuwezekana, maana safari moja ilimeza zaidi ya alichopata kwa saa nzima ya mvuke na pasi.

Kwa hiyo Wilfredo alipopanda darajani siku ya kwanza, alikuwa na furaha ya mtu anayedhani amewekwa mlangoni kwake mwenyewe.

*

Aliyewafundisha kazi wahesabuji alikuwa Bi Sona Karapetian, mama mwembamba aliyeongea taratibu, msimamizi wa kampuni iliyopewa hesabu hiyo. Hakuwa mkali. Aliwaonyesha kishikwambi na vitufe vyake: namba ya taa huku, idadi ya vichwa kule, na pembeni kitufe kimoja chekundu cha sanamu, kwa sababu kuna watu waliovalisha midoli makoti na kuifunga mkanda. Kisha akawapa sheria moja tu, akairudia mara mbili.

"Usihesabu unachokijua. Hesabu unachokiona."

Walikaa wawili wawili, kila mmoja na kishikwambi chake, na jioni hesabu zao zililinganishwa. Wanaolingana wangechukuliwa kwa kazi ya mwaka mzima. Wasiolingana wangeshukuriwa na kurudisha fulana. Wilfredo alipangwa na Lamont Gaines, mzee mstaafu aliyeendesha basi la jiji ujana wake wote, mtu wa mdomo mwingi na jicho lisilopitwa. Lamont alikuwa na maneno kwa kila gari. Huyu anapaka rangi mdomo, yule anakula mayai kwa uma, huyu wa tatu anagombana na mtu asiyekuwepo.

Jua lilikuwa limepanda kidogo Wilfredo alipoiona Corolla yao ya kijivu ikija. Aliijua kwa mbali. Iliuzwa kwao na kijana mmoja mpenda mbwembwe aliyebandika tinti nyeusi kwenye vioo vya pembeni na nyuma, na wao hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Taa ikawaka tatu. Kwenye kioo cha mbele akamwona Noemí ameshika usukani kwa mikono miwili, na Niña Chayo anapunga kitambaa chekundu kama anayesindikiza meli. Nyuma palikuwa na kiza. Kiti cha mtoto kilielekezwa nyuma, kama sheria inavyotaka kwa watoto wadogo, na mgongo wa kiti hicho ulikuwa mpana na mweusi kama kiti chenyewe cha gari. Abigaíl alikuwamo, alijua alikuwamo, asubuhi ile yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga mkanda na kumfuta mate shingoni.

"Imesema tatu, wapo wawili," Lamont alisema, kidole kimeshabonyeza. "Bibi anapunga mkono kabisa. Watu hawana haya siku hizi."

Kidole cha Wilfredo kilisimama hewani. Gari likapita chini yao. Akabonyeza mbili, na kishikwambi, ambacho hakina mke wala mtoto, kikaliandika gari lake pamoja na ya waongo.

*

Jioni Niña Chayo alikuwa anapiga pupusa, mikate ya mahindi ya kwao, jikoni, viganja vyake vikilia pa, pa, pa. Alitaka kujua kama kitambaa kilionekana. Wilfredo akasema kilionekana vizuri. Noemí, aliyekuwa amevua viatu na kuweka miguu kwenye beseni la maji, akauliza walionekanaje kutoka juu, kama watu wa maana au kama dagaa. Wilfredo akajibu kwamba walionekana. Alilijibu swali kwa namna ambayo mke yeyote angejua kuna jingine nyuma yake.

"Wangapi?" Noemí aliuliza.

Wilfredo akainama kufungua kamba za viatu vyake.

"Baba Abi, nakuuliza. Ulituona wangapi?"

"Wawili."

Viganja vya Niña Chayo vilinyamaza. Wilfredo akajieleza, na kadiri alivyojieleza ndivyo alivyozidi kuzama. Akaeleza juu ya kiti, na tinti, na sheria ya kuhesabu kinachoonekana, na Lamont na jicho lake, na hesabu kulinganishwa jioni, na kazi ya mwaka mzima. Yote yalikuwa kweli. Noemí alimsikiliza mpaka mwisho, akatoa miguu majini, akaifuta polepole.

"Kwa hiyo mwanangu umemzaa mwenyewe, umemfunga mkanda mwenyewe, halafu ukapanda darajani ukasema hayupo."

"Sikusema hayupo. Nilisema sikumwona."

"Mbele ya wale wakubwa kuna tofauti gani?"

Tofauti haikuwepo, na Wilfredo alilijua hilo. Niña Chayo alirudia kupiga unga wake na kusema, bila kumtazama mtu, kwamba wazee hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Wilfredo aliumia. Alikuwa amekwenda darajani kuwatafutia mkate, na sasa alikuwa analishwa mkate huo kwa masimango. Lakini kilichomuuma zaidi ni jambo ambalo hakulisema. Siku ile alikuwa ameona magari mengine mengi yenye akina mama wawili mbele na kiza nyuma, akayabonyeza yote mbili mbili kwa moyo mweupe, akidhani ni waongo.

*

Jumapili baada ya ibada walishughulikia tinti. Maji ya sabuni, nyembe, kikaushio cha nywele kwenye waya mrefu uliotokea dirishani. Tinti ya yule kijana ilikuwa imebandikwa kwa nia ya kudumu. Ilitoka vipande vipande, ikaacha gundi na michirizi, na kioo cha nyuma kikawa kama ukuta uliopigwa chokaa na mlevi. Jirani wao aliyeegemea uzio na kopo la soda akauliza kama wanaua gari au wanalitesa tu. Niña Chayo akamjibu aje ashike wembe au afunge mdomo, achague moja. Jirani akachagua kunywa soda.

Walipomaliza, Wilfredo alipanda juu ya paa la kibanda cha taka, akachuchumaa huko kama kuku, akatazama gari kwa mbele. Kwa pembeni mtoto alionekana vizuri sasa. Kwa mbele, kutoka juu, palionekana mgongo wa kiti tu. Alishuka akawaambia. Noemí alitupa wembe kwenye ndoo na kuingia ndani, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka.

Niña Chayo ndiye aliyepata wazo. Hakumwambia mkwewe, maana alitaka afurahi ghafla. Usiku ule cherehani yake ililia mpaka majirani wakagonga ukuta. Alishona kofia ya mtoto ya kitambaa cha njano, kubwa, yenye ukingo mpana na utepe wa waridi, kazi safi ya fundi aliyeshonea maduka ambayo hakuwahi kuingia. Asubuhi akaifunga juu kabisa ya mgongo wa kiti cha Abigaíl, ili aliye darajani ajue papo hapo kwamba pale pana mtoto. Noemí aliitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya pupusa, akasogeza swichi kwenye tatu.

*

"Mungu wangu, tazama hii," Lamont alisema. "Hii sijawahi."

Wilfredo alikuwa ameshaiona. Corolla ilikuwa inakaribia na taa ya tatu juu yake, Noemí na mama yake mbele, na nyuma katikati yao kofia ya njano inatikisika, nzuri kupita kiasi, na chini ya kofia hapana uso. Alielewa mara moja mkono uliofanya kazi ile. Alielewa pia kitakachofuata.

"Wameweka kofia juu ya kiti," Lamont alisema. "Hata mdoli wamekosa. Ile ni sanamu, bwana mdogo, ile ni nyekundu."

"Ile ni binti yangu," Wilfredo alisema.

Lamont aligeuka. Gari lilikuwa bado kidogo lifike chini yao, na Niña Chayo alikuwa anawaonyesha dole gumba.

"Unamwona?" Lamont aliuliza, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha.

"Yuko nyuma ya kiti."

"Sijakuuliza yuko wapi."

Wilfredo alibonyeza tatu. Lamont, ambaye maisha yake yote alifuata ratiba ya basi hata mvua ikinyesha, alishusha pumzi na kubonyeza nyekundu. Wakaendelea kubonyeza mpaka zamu ilipokwisha. Wakati wa kukunja viti Lamont alimwambia kwamba angependa kumsaidia, lakini akianza kuona asiyoyaona kwa ajili ya rafiki, kesho ataacha kuyaona aliyoyaona kwa ajili ya mwingine. Alilisema kwa huzuni, na Wilfredo angemchukia vizuri zaidi kama angelisema kwa kiburi.

Bi Karapetian aliwakuta kwenye maegesho. Alikuwa ameona hesabu haziwiani kwenye gari moja, tena gari moja ambalo mmoja kasema watu watatu na mwingine kasema sanamu. Wilfredo hakumficha kitu. Alimweleza habari ya kofia, akamweleza habari ya kiti, na kisha, kwa kuwa ng'ombe alikuwa ameshaliwa na umebaki mkia, akamwomba afikirie ni watoto wangapi wengine wanaopita chini ya daraja lile migongo ya viti ikiwaficha.

Mama yule hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alisema analijua jambo hilo, kila anayehesabu vichwa duniani analijua, na katika ripoti kutakuwa na sentensi inayosema watoto wadogo huenda hawakuonekana.

"Sentensi moja?" Wilfredo aliuliza.

"Nikimruhusu kila mhesabuji aongeze mtoto anayemjua, Bwana Menjívar, nitabaki na nini? Nitabaki na hadithi za watu. Mimi nimelipwa nilete hesabu."

"Na gari letu?"

Aligusa kishikwambi chake mara mbili. Kwa kuwa mhesabuji alikuwa na uhusiano na gari hilo, alisema, amelitoa kabisa. Si la watatu, si la sanamu. Halimo.

Akamwomba fulana. Wilfredo aliivua pale pale kwenye maegesho, na chini yake alikuwa na shati lililotatuka begani, ambalo asubuhi alilivaa akijua fulana italifunika.

*

Ripoti ilisomwa ukumbini, kwenye kikao cha bodi ya ofisi ya barabara, mbele ya watu waliojaa na wengine kusimama ukutani. Ilikuwa na picha zenye rangi. Mwendo wa magari umeshuka, ikasema, na karibu gari moja katika kila manne yanayotangaza watu watatu lina wachache kuliko linavyotangaza. Watu wakaguna. Ile sentensi ya watoto ilikuwepo, Bi Karapetian hakusema uongo. Ilikaa chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, na msomaji aliipita kama mtu anayepita mlango wa choo.

Noemí aliomba kusema akapewa dakika mbili. Alisimama na Abigaíl kiunoni. Alikuwa amejiandaa, alikuwa na maneno mazuri aliyoyarudia akipiga pasi, lakini mbele ya kipaza sauti yakamkimbia. Akamwinua mtoto juu kwa mikono miwili.

"Huyu ni mmoja wa waongo wenu," alisema. "Mtazameni vizuri. Hana hata jino la mbele."

Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi, mwanamke mmoja akafuta machozi. Mwenyekiti naye alitabasamu, akamshukuru kwa kuja, akasema mtoto ni mzuri na maoni yamepokelewa. Kisha akamwita msemaji mwingine, mwanamume mwenye tai, aliyesema yeye hulipa kila siku na hana raha na njia aliyoilipia. Wakapiga kura. Msamaha wa asubuhi ukafutwa.

Njiani kurudi Niña Chayo alikuwa ameifungua ile kofia ya njano na kuiweka mapajani, akawa anafumua utepe wake uzi kwa uzi, kwa sababu kitambaa kilikuwa kizuri na kingefaa kwa kitu kingine.

*

Siku amri ilipoanza kutumika, Wilfredo naye alikuwamo garini. Kuna mtu alimwambia kwamba mjini wanachukua vibarua wa kupakua mboga sokoni kwa wanaowahi. Alikaa nyuma, goti limebanwa na kiti cha Abigaíl, na Abigaíl alikuwa amemshika kidole anakitafuna kwa ufizi. Walitoka nyumbani mapema sana, lakini inaonekana El Monte nzima ilikuwa na wazo hilo hilo. Kabla ya daraja foleni ilisimama kabisa.

Kushoto kwao njia ya kulipia ilikuwa nyeupe. Magari yalipita moja moja, yameachana, yana nafasi. Mtu mmoja garini, taa ikawaka moja. Mtu mmoja, taa ikawaka moja. Hakuna aliyedanganya. Juu ya daraja Wilfredo aliona viti viwili na fulana mbili za njano, na akamtambua Lamont kwa kofia yake ya zamani ya basi. Walikuwa wanapima tena kuona kama dawa imefanya kazi, na ilikuwa imefanya, mtoto mdogo angeweza kuona. Uso wa Lamont ulielekea kushoto, kidole chake kilikuwa kinapanda na kushuka. Upande huu wa foleni hakuna aliyeagizwa kuutazama.

Noemí hakuangalia saa ya gari. Alikuwa ameifunika kwa kitambaa tangu walipoingia barabarani. Aproni yake ilikuwa imekunjwa kwenye dashibodi, imepigwa pasi, na aliigusa mara kwa mara kuinyoosha ingawa haikuwa na mkunjo.

Kidole gumba cha Wilfredo kilikuwa kinacheza kwenye paja, kwa mazoea tu, kikitafuta kitufe.

"Wanne," alisema.

"Nini?" Noemí aliuliza.

"Sisi. Tupo wanne."

Noemí alimtazama kwenye kioo cha kati kwa muda mrefu, na muda ulikuwepo, maana mbele hapakuwa na kinachosogea.

"Leo ndiyo umetuona," alisema.

Gari la mbele likasogea hatua moja. Naye akasogea hatua moja, akasimama.